Mgogoro wa mpaka: nguvu, mahakama, wasuluhishi au kukaa mezani? Tulinganishe

Kila mgogoro wa mpaka ukiibuka, popote duniani, hukosi kusikia watu wanasema "si tuchukue tu, jeshi la nini sasa", wengine wanajibu "twende Hague", yaani kwenye mahakama ya kimataifa iliyoko Uholanzi, halafu mabishano yanaisha bila mtu yeyote kueleza kila njia inaleta nini na inagharimu nini. Nimeona nizipange hizi njia pamoja, kwa mifano iliyotokea kweli, ili ukiwa unabishana au hata kama wewe ndo mtu wa kuwashauri wakubwa ujue hasa unachagua nini. Msimamo wangu nausema mapema kabisa: nguvu inaweza kukupa ardhi lakini mpaka haikupi, maana mpaka ni kitu ambacho jirani yako amekikubali na nchi nyingine zinakitambua, na kukubaliwa huko hakuna kifaru kinachoweza kukuletea.

Kanuni yenyewe kwanza, kwa haraka. Zamani ilikuwa mwenye nguvu mpishe, ukishinda vita unachukua jimbo, mnasaini, imeisha. Mwaka 1928 nchi kadhaa zikasaini Paris ule mkataba wa Kellogg-Briand wa kuacha vita kama njia ya kumaliza migogoro, mkataba mzuri ila haukuwa na namna ya kumbana mtu, na kweli mwaka 1931 Japani ikaingia Manchuria, kaskazini mashariki mwa China, ikaanzisha dola yake pale. Januari 1932 Henry Stimson, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, akatangaza kwamba nchi yake haitatambua hali iliyoletwa kwa njia hiyo, na Machi mwaka huohuo Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa, likafuata. Baada ya vita kuu ya pili ndo ikaja Ibara ya 2(4) ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, 1945, inayokataza kutumia nguvu au hata kutishia kutumia nguvu dhidi ya ardhi ya nchi nyingine. Hapo kwenye kutishia watu wengi wanapasahau, kupanga vifaru mpakani ili jirani aogope asaini nako kumekatazwa, na Mkataba wa Vienna wa 1969 kuhusu mikataba unasema wazi kuwa mkataba uliopatikana kwa vitisho au nguvu ni batili, Ibara ya 52. Mwaka 1970 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaongeza kwenye azimio namba 2625 kwamba ardhi iliyopatikana kwa nguvu haitatambuliwa kuwa halali.

Afrika ilikuwa na lake. Julai 1964, Cairo, wakuu wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, walikubaliana kuheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru, Somalia na Morocco hawakukubaliana nalo, na kila mtu pale ndani alijua hiyo mistari ilichorwa na wakoloni bila kujali nani anaishi wapi. Walichoona ni kwamba wakianza kurekebisha mmoja hakuna utakaobaki. Binafsi naona ule ulikuwa uamuzi mgumu na wa busara sana, na naupenda zaidi kwa sababu waliouchukua ndo walioumizwa na mistari yenyewe.

Maswali mawili ambayo watu wanayachanganya

Kabla ya kulinganisha lazima tutenganishe kitu kimoja, maana ukikikosa hiki utabishana mpaka kesho. Swali la kwanza ni ardhi ni ya nani. Swali la pili ni umeipataje. Unaweza kuwa na haki kwenye la kwanza na ukawa mkosaji kwenye la pili, na hakuna kesi inayoonyesha hili vizuri kama Badme.

Badme ni kamji kadogo kati ya Ethiopia na Eritrea. Mei 1998 majeshi ya Eritrea yaliingia pale, vita ikalipuka, ikaenda mpaka Juni 2000, makumi ya maelfu ya watu wakafa, watu waliopigana pamoja kumwondoa Mengistu, mtawala wa Ethiopia, miaka michache tu nyuma. Desemba 2000 wakasaini makubaliano Algiers na kuunda tume mbili, moja ya mpaka na nyingine ya madai ya fidia. Tume ya mpaka ikakaa na mikataba ya kikoloni ya 1900, 1902 na 1908, na tarehe 13 Aprili 2002 ikatoa uamuzi, mstari ulivyopita Badme ikaangukia Eritrea. Yaani Eritrea kwenye swali la kwanza ilikuwa na haki.

Sasa subiri. Desemba 2005 ile tume ya pili, ya madai, ikaulizwa na Ethiopia nani alivunja sheria mwaka 1998, ikajibu ni Eritrea, imevunja Ibara ya 2(4) kwa kushambulia Badme, na kuamini kwamba ardhi ni yako siyo kujihami. Soma tena hiyo: nchi ambayo tume moja imesema mji ni wake imekutwa na hatia na tume nyingine kwa kuuchukua mji huohuo kwa bunduki. Na haikuishia kwenye maneno, mwaka 2009 fidia ilipopigwa hesabu Ethiopia ikapewa kama dola milioni 174 na Eritrea kama milioni 161, baadhi kwa makosa ya vita na baadhi ya zile za Ethiopia kwa sababu ya kosa hilohilo la kuanzisha. Kwa hiyo anayekwambia "ardhi ni yetu ndo maana tunaruhusiwa kupiga" amejibu swali moja tu kati ya mawili, na lile la pili ndilo kanuni hii yote inalihusu.

Ardhi moja, njia mbili: Aouzou

Mara nyingi ukilinganisha nguvu na mahakama mtu atakwambia mazingira hayakuwa sawa, nchi tofauti, enzi tofauti. Sawa, basi tuchukue Aouzou, ukanda wa jangwa wa kilomita za mraba kama 114,000 kaskazini mwa Chad, ambao Libya iliudai na ambao ulijaribiwa kwa njia zote mbili na nchi zilezile mbili.

Kwa nguvu: Libya iliingia 1973 ikakaa. Miaka ya themanini ikazama zaidi ndani ya Chad, na 1987 Wachad wakawageuzia kibao kwa pikapu za Toyota zilizofungwa makombora ya kupiga vifaru, wakawapiga Fada mwezi Januari, wakawapiga Ouadi Doum mwezi Machi, Agosti wakaingia Aouzou yenyewe wakatolewa, Septemba wakavuka wakapiga kambi ya Maaten al-Sarra ndani ya Libya kabisa, halafu ndo wakasimamisha vita. Baada ya yote hayo, maelfu ya vijana wamekufa mchangani, mpaka ulikuwa bado haujajulikana. Libya ilikuwa imeukalia ule ukanda kwa miaka mingi na hakukuwa na hata karatasi moja iliyoongezeka upande wake.

Kwa mahakama: mwaka 1989 wakakubaliana kwamba wasipoelewana kisiasa waende Mahakama ya Kimataifa ya Haki, hii ICJ ya Hague, 1990 kesi ikafika. Tarehe 3 Februari 1994 majaji wakaamua kwa kura 16 kwa 1. Na hoja iliyomaliza kesi ilikuwa rahisi mno, kuna mkataba wa urafiki wa tarehe 10 Agosti 1955 kati ya Libya na Ufaransa, ulioitaja mikataba ya zamani ya mpaka, Libya yenyewe iliusaini, basi mpaka ulikuwepo siku zote. Ule mkataba wa 1935 kati ya Ufaransa na Italia ambao ungeipa Libya ukanda huo haukuwahi kukamilika kisheria. Libya ikashindwa kabisa, siyo nusu, yote. Na ikaondoka! Aprili wakasaini utaratibu, Umoja wa Mataifa ukapeleka waangalizi wachache sana, na tarehe 30 Mei 1994 askari wa mwisho walikuwa wametoka. Miaka ishirini na zaidi ya kukalia kwa nguvu, miezi minne tu ya kutoka baada ya hukumu.

Kwa nini Gaddafi, kiongozi wa Libya, alikubali? Mimi naamini, na hili ni muhimu kwenye kuchagua njia, kwamba mahakama inampa kiongozi mlango wa kutokea. Ukimwambia jenerali au rais arudishe ardhi kwa sababu amepigwa, atakufa nayo, lakini akiweza kuwaambia wananchi wake "majaji wameamua, sisi ni nchi inayoheshimu sheria" anaondoka na heshima yake.

Mahakama na wasuluhishi, tofauti yake ipo wapi

Watu wanaziona kama kitu kimoja ila ukiingia ndani zinatofautiana. ICJ ina majaji 15 ambao hukuwachagua wewe, kama hakuna wa nchi yako unaruhusiwa kuteua mmoja wa kukaa kwenye kesi hiyo tu, kesi ni ya wazi, dunia inaangalia, hukumu haina rufaa, na asiyetekeleza anaweza kupelekwa Baraza la Usalama kwa Ibara ya 94 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Lakini haiwezi kumvuta mtu kwa nguvu, lazima nchi zote mbili ziwe zimekubali kwa namna fulani, iwe kwa makubaliano maalumu, iwe kwa kifungu kwenye mkataba wa zamani, au kwa tamko la kukubali mamlaka yake.

Usuluhishi ni mnaunda jopo lenu wenyewe, kawaida kila upande unachagua wawili na hao wanatafuta mwenyekiti, mnaandika mnataka waangalie sheria gani na mikataba ipi, mnaweza kufanya kimyakimya. Ni nyepesi na mnaimiliki zaidi. Udhaifu wake ni kwamba ikishatoa uamuzi jopo linavunjika, hakuna taasisi nyuma yake ya kuubeba.

Turudi Badme tuone hilo. Uamuzi ulikuwa wa mwisho, pande zote mbili ziliahidi hivyo kwa maandishi, lakini Ethiopia ilipoona mji umeenda upande wa pili ikaanza kusuasua, ikitaka mazungumzo kwanza, Eritrea nayo ikagoma kuzungumza kwa sababu kwake kesi ilikuwa imekwisha. Tume ilishindwa hata kwenda kuweka nguzo za mpaka. Novemba 2007 ikaamua mpaka uhesabike umewekwa kwa koodineti kwenye ramani, nguzo za mezani tu, halafu ikafunga ofisi. Walinda amani wa Umoja wa Mataifa wakaondoka 2008. Majeshi yakabaki yakiangaliana mpaka 2018 Abiy Ahmed, waziri mkuu wa Ethiopia, alipotangaza kuukubali uamuzi wa 2002. Miaka kumi na sita, familia zimekatwa katikati, simu hazipiti.

Weka pembeni yake Bakassi. Rasi ya mpakani mwa Nigeria na Kameruni, yenye samaki na harufu ya mafuta, Nigeria ilipeleka askari kuanzia mwisho wa 1993, Kameruni ikafungua kesi ICJ Machi 1994. Nigeria ilitegemea mkataba wa 1884 wa machifu wa Old Calabar na Waingereza, Kameruni ikategemea makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya Machi 1913. Tarehe 10 Oktoba 2002 Kameruni ikashinda. Nigeria ni kubwa mara nyingi kuliko Kameruni, wakazi wengi wa pale walikuwa Wanigeria, nyumbani kelele zilikuwa kubwa, ungetegemea igome kama Ethiopia. Kilichofanya isigome ni kazi iliyofanyika nje ya mahakama, maana Kofi Annan, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliwaita marais Obasanjo wa Nigeria na Biya wa Kameruni karibu na Paris Septemba 2002, mwezi mmoja kabla hata hukumu haijasomwa, akawafanya waahidi kuiheshimu wakiwa bado hawajui nani atashinda. Halafu ikaundwa tume ya pamoja, halafu Juni 2006 wakasaini makubaliano ya Greentree kule New York, na Marekani, Uingereza, Ufaransa na Ujerumani wakasaini kama mashahidi, ikiwa na ratiba ya kuondoka na kipindi cha mpito kwa wakazi. Agosti 2006 jeshi likatoka, Agosti 2008 makabidhiano yakakamilika.

Siyo kwamba wakazi wa Bakassi walifurahi, wengi walihama na wanalalamika kuhusu makazi mapya, na hili ni doa la njia zote za kisheria, majaji wanasoma ramani na mikataba, hawaulizi mvuvi anajiona raia wa wapi. Lakini risasi zilikoma kati ya nchi na nchi. Ukinilazimisha kuchagua kati ya mahakama na jopo la wasuluhishi, kwa mgogoro ambao damu imeshamwagika nitachagua mahakama, pamoja na mtu mzito wa kuwashika mikono kabla na baada ya hukumu. Usuluhishi naupendelea pale ambapo nchi mbili bado zinaelewana na zinataka tu mtaalamu wa tatu aseme mstari unapita wapi.

Kukaa mezani na kupatanishwa

Hii ndo njia inayodharauliwa na kwa maoni yangu ndo inayoweza kufanya kitu ambacho majaji hawawezi, yaani kutoa mpaka ambao hakuna mkataba wa zamani unaoutaja. Majaji wanatafuta mpaka ulipo. Mezani mnaweza kuuhamisha, kubadilishana, kugawana maji, kuruhusu wachungaji wapite. Na kanuni haikatazi kabisa mipaka kubadilika, azimio la Helsinki la 1975 lenyewe linasema mipaka inaweza kubadilishwa kwa amani na kwa makubaliano, kilichokatazwa ni mabavu.

India na Bangladesh walikuwa na kitu cha ajabu, vipande 162 vya nchi moja vilivyozungukwa na nchi nyingine, 111 vya India ndani ya Bangladesh na 51 vya Bangladesh ndani ya India. Fikiria mtu anayezaliwa humo, kwenda kituo cha polisi cha nchi yake lazima avuke nchi nyingine bila kibali, umeme haufiki, shule anaandikisha mtoto kwa jina la baba wa uongo wa upande wa pili. Walikubaliana 1974, ikachukua mpaka 2015 kutekeleza, usiku wa kuamkia tarehe 1 Agosti vipande vikabadilishwa na watu wakachagua uraia. Miaka arobaini na moja ni mingi, naumia nikiiona hiyo namba, lakini hakuna jeshi lililopigana kwa ajili ya vipande vile na leo hakuna anayebisha ni vya nani.

Upatanishi je? Argentina na Chile waligombea visiwa vya mlango bahari wa Beagle, jopo la usuluhishi likaamua 1977 kwa faida ya Chile, Argentina ikaukataa uamuzi Januari 1978, Desemba mwaka huo meli za kivita zilikuwa tayari baharini. Papa Yohane Paulo II akamtuma Kardinali Antonio Samoré, na mpaka 1984 wakasaini mkataba wa amani, visiwa vikabaki Chile na Argentina ikapata nafuu kwenye maji. Angalia, mpatanishi hakuupindua uamuzi wa sheria, alimpa aliyeshindwa kitu cha kurudi nacho nyumbani.

Udhaifu wa meza ni mmoja na ni mkubwa: mwenye nguvu zaidi anaweza kukaa mezani milele huku anajenga, anachimba, anapeleka watu wake. Kama unaona jirani anazungumza wiki hii na kujenga kambi wiki ijayo, meza peke yake haikutoshi.

Waliochagua nguvu walipata nini

Niseme ukweli wote, maana kuna watu watanikumbusha na wana haki. Goa, koloni la Ureno, India iliichukua kwa jeshi Desemba 1961, Umoja wa Kisovieti ukapiga veto Baraza la Usalama, yaani kura ya kuzuia waliyonayo wenye kiti cha kudumu, na 1974 Ureno yenyewe ikakubali. Milima ya Golan ya Syria Israel iliweka sheria yake 1981, azimio 497 likasema ni batili, na hata hivyo 2019 Marekani ikaitambua kuwa ya Israel. Crimea, rasi ya Ukraine, ilichukuliwa na Urusi 2014, veto ya Urusi ikalifunga Baraza la Usalama, na majimbo mengine manne ya Ukraine yakatangazwa kuwa ya Urusi 2022. Kanuni inavunjwa, na wavunjaji wakubwa ndo haohao wenye kiti cha kudumu au wenye rafiki mwenye kiti. Hilo linaniuma na siwezi kulifunika.

Lakini angalia upande wa pili wa daftari. Kuhusu Crimea Baraza Kuu lilipiga kura Machi 2014, nchi 100 zikapinga kuchukuliwa kwake, 11 zikaunga mkono. Oktoba 2022 kuhusu yale majimbo manne zikapinga 143, zikaunga 5. Kupro ya Kaskazini, sehemu ya kisiwa iliyokaliwa na jeshi la Uturuki tangu 1974, ilijitangaza nchi 1983 na mpaka leo inatambuliwa na Uturuki peke yake, na hiyo siyo habari ya wanadiplomasia tu, ndege za kwenda pale lazima zipitie Uturuki kwanza, timu yao ya mpira haichezi mashindano ya FIFA, na mtu anayenunua nyumba pale anaweza kushtakiwa na mwenye nyumba wa kabla ya 1974. Indonesia iliichukua Timor ya Mashariki 1975, ikakaa miaka 24, Australia ikaitambua kabisa, na bado Agosti 1999 watu wakapiga kura asilimia 78.5 kutoka Indonesia. Nchi za Baltiki zilimezwa na Umoja wa Kisovieti 1940, Marekani ikakataa kutambua, 1991 zikarudi zikiwa nchi zilezile, siyo nchi mpya. Ukipokonya kiwanja cha jirani usiku unaweza kulima miaka hamsini, hati hutakuwa nayo, na kila anayekuja kununua atakuuliza hati.

Kuna jambo dogo la ubinadamu humu ambalo nalipenda. ICJ mwaka 1971, ikishauri kuhusu Namibia iliyokaliwa na Afrika Kusini kinyume cha sheria, ilisema nchi zisitambue utawala ule, ila ikaongeza kwamba vyeti vya kuzaliwa, vifo na ndoa visikataliwe, mwananchi asiumizwe kwa kosa la mtawala.

Na kura za maoni nazo usichanganye. Ya Eritrea 1993 na ya Sudan Kusini Januari 2011 zilifanyika kwa ridhaa ya nchi iliyokuwa inaachwa, nchi mpya zikatambuliwa mara moja. Ya Crimea ilifanyika Machi 2014 askari wa kigeni wakiwa wameshaingia, kwa wiki chache tu. Neno ni lilelile kura, kitu siyo kilekile.

Ukivamiwa wewe

Hapa chaguo linabadilika, maana kanuni haikuambii ukae ukisubiri majaji. Ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inakupa haki ya kujihami, peke yako au na wenzako. Iraq ilipoingia Kuwait tarehe 2 Agosti 1990 na kuitangaza sehemu yake, tarehe 9 Agosti azimio 662 la Baraza la Usalama likasema hatua hiyo ni batili, azimio 678 likaruhusu nguvu, na Februari 1991 Kuwait ikawa huru. Lakini usiitegemee sana Kuwait kama mfano, haijirudii mara nyingi, siku zile hakukuwa na veto na kulikuwa na mafuta.

Mfano unaonigusa zaidi ni Kagera. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Tanzania, akatangaza ardhi yote kaskazini mwa mto Kagera ni ya Uganda. OAU haikumlaani, ilitaka wapatane. Nyerere akasema sababu tunazo, uwezo tunao na nia tunayo, jeshi likawatoa, likaenda mpaka Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Wanasheria wanabishana mpaka leo kama kufika Kampala kulikuwa bado kujihami. Ila kuna jambo hawabishani, vita ilipoisha mpaka ulirudi palepale kwenye nyuzi 1 kusini ya ikweta, hakuna hata kijiji kimoja cha Uganda kilichochukuliwa kufidia gharama, na gharama zilikuwa za kuumiza uchumi. Mshindi alikuwa na nafasi ya kuchukua, hakuchukua. Ndo maana mpaka ule haudaiwi na mtu.

Sasa uchague ipi

Inategemea una nini mkononi. Una mkataba uliosainiwa na ramani iliyoambatanishwa, na jirani amekubali mamlaka ya mahakama, nenda mahakamani bila kuchelewa, hasa kama wewe ndo mdogo. Guyana ilifanya hivyo 2018 dhidi ya Venezuela kuhusu eneo la Essequibo, ambalo ni karibu theluthi mbili ya nchi yake, ikishikilia uamuzi wa usuluhishi wa 1899, na Venezuela ilipopanga kura yake ya maoni kuhusu eneo hilo ya Desemba 2023 mahakama ilitoa amri siku mbili kabla kwamba isibadilishe hali iliyopo. Nchi ndogo isingeweza kupata ngao hiyo kwa jeshi lake.

Karatasi zako ni dhaifu lakini watu wako wanaishi pale, wanalima, wanavua? Kaa mezani, maana mahakamani utapoteza vyote na mezani unaweza kubaki na haki ya watu kuendelea kuvua. Ziwa Nyasa liko hivyo, Malawi inashika mkataba wa 1890 wa Uingereza na Ujerumani unaouweka mpaka ufukweni, Tanzania inasema upite katikati ya maji, na wenye mitumbwi wanavua huku na huku, kwa hiyo nikiulizwa mimi ningetaka kwanza makubaliano ya matumizi ya maji na mstari ufuate baadaye.

Jirani anakataa mahakama na anakataa meza? Usivuke. Andika malalamiko kila anapojenga kitu, kila mara, kwa maandishi, maana kukaa kimya miaka mingi huhesabika kama umekubali. Thailand ilipoteza hekalu la Preah Vihear kwa Kambodia mwaka 1962 kwa sehemu kubwa kwa sababu ilipokea ramani ya Wafaransa mapema karne ya ishirini na haikuipinga kwa miaka na miaka, hata ilipochapishwa kopi nyingine. Barua moja ya kupinga ingebadilisha kesi nzima.

Na kuhusu gharama, maana hiyo ndo sababu inayotolewa na nchi maskini za kukwepa Hague, tangu 1989 upo mfuko wa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wa kuzisaidia nchi kulipia mawakili, ramani, hata kazi ya kuweka nguzo baada ya hukumu. Maombi yanapitia ofisi ya Katibu Mkuu New York.